Mluzi Shingoni mwa Mama

Shingo ya mama yangu ilikuwa inapiga mluzi. Huusikii ukikaa naye mezani. Mpaka umwekee stetoskopu chini ya taya, upande wa kushoto. Hapo unausikia, fyuu, fyuu, kila moyo unapopiga: damu inajipenyeza kwenye mshipa wa kwenda kwenye ubongo, uliokaribia kuzibwa na mafuta. Mimi ni daktari, nimesikiliza shingo nyingi, lakini ile ilinisisimua mwili. Nikamwandikia vidonge vya kupunguza kolestro.

Mjomba akamwambia aache.

Mjomba ndiye bingwa wa moyo pale hospitalini, bosi wangu, tena kaka yake mama. Wodini alivikejeli vidonge vile mbele ya wagonjwa. "Mnatibu namba za maabara, mtu mnamsahau," alituambia. Hakuwa mjinga, wapo wengi tuliowapa bila sababu ya maana. Ila mama hakuwa mmoja wao, na hilo lilinichoma.

"Miguu ilikuwa inaniuma, mwanangu," mama alisema. "Tangu niache, nalala vizuri. Na kaka yangu kasoma kabla yako."

"Tungepunguza dozi, mama."

"Malizaneni huko na mjomba wako. Shingo yangu msiifanye uwanja wa mpira."

Miezi ikapita. Nikawa nausikia mluzi ule hata nikiwa naoga. Asubuhi moja mjomba akaniita chumbani kwake pale hospitalini. Mama alikuwa amekaa kwenye kitanda cha wagonjwa, na mjomba, stetoskopu masikioni, anacheka peke yake.

"Njoo usikie, daktari wa vidonge! Mluzi umekwisha. Bila hata kidonge kimoja!"

Nikaweka yangu. Kweli, kimya. Nikasogeza kidogo, nikabana pumzi. Kimya kama cha nyumba iliyohamwa. Mshipa uliokaribia kuziba hupiga mluzi. Ulioziba wote haupigi. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

"Mjomba," nikasema, "damu haipiti."

Uso ulimbadilika. Alijua. Lakini stetoskopu hakuivua; aliirudisha shingoni mwa dada yake, akafumba macho, akawa ananong'ona, "Shwari. Shwari kabisa."

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa kazini.

"Mama, nishike mkono," nikamwambia, nikitafuta dalili ya kiharusi. "Kwa mkono wako wa kulia."

Akanitazama, akafungua mdomo anijibu, tabasamu likaenda upande mmoja tu. Mkono ukabaki mapajani.