Leonadi Anaachia Usukani

Leonadi alikuwa rubani na mkufunzi wa marubani, na kwao Mtama hakuna aliyepata nafasi ya kusahau hilo, kwa kuwa mwenyewe aliwakumbusha. Siku alipompakia shangazi yake Fortunata kwenye ndege ndogo, kutoka Lindi kwenda arusini Kilwa Masoko, alimketisha kiti cha mbele makusudi, apate wa kumtazama.

Walipotulia angani, akawasha otopailoti, mtambo wa kuiendesha ndege bila mkono wa rubani, akakunja mikono kifuani.

"Nani anaendesha, baba?" shangazi akauliza.

"Inajiendesha, shangazi. Mimi naisimamia tu."

Walipokaribia Kilwa akapunguza nguvu ya injini, huku otopailoti ikishikilia kimo kilekile. Mwendo ulivyoshuka, pua ya ndege ikawa nzito, na mtambo ukawa unaivuta juu kwa nguvu zake. Taa ya njano ikawaka kumtaka azungushe gurudumu dogo la kusawazisha pua, maana kwenye ndege ile kazi hiyo ilikuwa ya rubani. Leonadi aliiona. Ila alikuwa katikati ya kisa cha namna alivyowahi kutua kwenye mvua, na kisa kilikuwa kimenoga.

Uwanja ulipoonekana, akazima otopailoti kwa kidole kimoja, kwa maringo. Mzigo wote ambao mtambo ulikuwa umeubeba kimyakimya ukaachiwa kwa mpigo. Pua ikainama, korosho zilizokuwa mapajani mwa shangazi zikaruka hadi darini. Leonadi akaudaka usukani kwa mikono miwili, akavuta, kisha akazungusha gurudumu mpaka uzito ukaisha mikononi.

Shangazi akaokota korosho moja kwenye kola ya mpwa wake.

"Na hapo pia ilijiendesha?"

Angeweza kuusingizia upepo. Abiria huamini upepo.

"Hapana, shangazi. Hapo ni mimi. Taa iliniambia, nikaipuuza kwa maneno mengi."

"Wanafunzi wako wangefanyaje?"

"Wangesawazisha kwanza, wakashika usukani imara, ndipo wazime. Wakisahau, nawafelisha."

Walitua salama. Arusini mashemeji walimtaka awaeleze mambo ya urubani, naye akawasimulia hayohayo bila kujipendelea. Walicheka mpaka pilau ikapoa.

Kesho yake shangazi alirudi Lindi kwa basi. Leonadi alimbebea begi mpaka stendi, akamtafutia kiti cha dirishani, na hakuthubutu kumwambia kwamba angani ni salama kuliko barabarani.