Mtoto Hakuogeshwa

Mimi sikuwa na ugomvi na sinema. Niseme hilo mapema, kwa sababu watu wa Mwaya wakisimulia habari hii husema Damari alinuna tangu gari lilipoonekana barabarani. Uongo. Nilinuna kabla ya hapo, siku Mwalimu Lutengano aliposimama kanisani na kutangaza kwamba Krismasi ile hatutacheza mchezo wetu wa kuigiza.

Gari la sinema la serikali lingefika kwetu jioni ya kuamkia Krismasi, alisema, nalo lingeleta picha mpya ya kuzaliwa kwa Bwana, iliyotengenezwa kwa mtindo wa kisasa. Tukiipenda, litakuja kila mwaka, na mchezo wetu tutaupumzisha. Alisema "tutaupumzisha" kwa sauti ya mtu anayemhurumia ng'ombe mzee.

Watu walishangilia. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Mimi niligeuka kumtazama Keziya.

Keziya alikuwa rafiki yangu. Alikuwa Mkisi, wa kabila lile la wafinyanzi wa ng'ambo ya Matema, aliyeolewa kwetu na mvuvi aitwaye Enoki. Enoki alifariki na hawakujaliwa mtoto. Alibaki Mwaya akifinyanga vyungu, na hakuna nyumba huku kwetu ambayo haijapika kwa mikono yake. Lakini kuna watu, nao wanajiita Wakristo, ambao wakimwona mwanamke asiyezaa kampakata mtoto wao, ghafla wanakumbuka kwamba mtoto ana njaa, na wanamchukua. Walimfanyia Keziya hivyo mbele ya macho yangu. Naye alikuwa akimrudisha mtoto huku akitabasamu, na mimi ndiye niliyekuwa nakosa usingizi.

Siku moja tu kwa mwaka hakuna aliyemnyang'anya, nayo ilikuwa siku ya mchezo. Mariamu wetu alikuwa mwanamke yeyote aliyejifungua karibuni kuliko wenzake, na mtoto alikuwa mtoto wake hasa. Kila mwaka Keziya alifinyanga chungu kipya kisichojua moto wa jikoni, akakitia maji ya uvuguvugu, akamwogesha mtoto. Biblia haisemi nani alimwogesha Bwana. Sisi tulisema kwamba lazima yuko aliyemwogesha, na kwa nini asiwe Mkisi? Baada ya hapo chungu kilikwenda na mama wa mtoto, kikawa chombo cha heshima nyumbani.

Ila wanaume hawakuwahi kuona jambo hilo. Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe wake. Akisikia kikohozi chake njiani, anaingia kwenye migomba. Jina lake halitamki, na mbele yake hasemi. Wamisheni walihubiri mpaka wakachoka, nasi tukaitikia amina na kuendelea kujificha. Basi kanisani tulitundika mkeka mkubwa, mzazi na Keziya na wanawake wengine wakakaa nyuma yake. Wazee walisikia maji yakimwagika, wakasikia mtoto akilia, na kilio hicho ndicho kilichokuwa ishara yao ya kuanza wimbo. Miaka yote waliisikia Krismasi, hawakuiona.

Ndiyo maana mzee wa kanisa, Asegelile, aliikubali sinema upesi.

"Angalau safari hii tutaona kwa macho," alisema.

Sikuweza kumlaumu. Lakini jioni ile nilimkuta Keziya amekaa karibu na rundo la udongo, mikono mikavu.

"Ugonile, Keziya," nikamsalimu. "Mwaka huu hufinyangi cha mtoto?"

"Nimekwisha kukichoma, dada. Kabla mwalimu hajatangaza." Alikitazama kile chungu kilichokaa peke yake mlangoni. "Chungu kikishaingia motoni hakirudi kuwa udongo. Sasa sijui nikifanye nini."

"Kiuze."

"Hicho siuzi," akasema, akainuka akakiingiza ndani. Nilijilaumu kwa mdomo wangu, kisha nikamlaumu Lutengano, nikaona nafuu.

Siku ilifika. Gari lilikuja limejaa tope hadi madirishani, na ndani yake alikuwamo kijana mmoja nadhifu wa pwani, Bwana Andrea, aliyevaa soksi ndefu. Alitundika shuka kubwa jeupe kwenye nguzo za goli la uwanja wa shule, akaweka mashine yake upande wa kanisa. Wazee na wanaume wakakaa mbele. Wakamwana wote wakapita kwa mbali, wakakaa nyuma ya shuka, maana picha huonekana pande zote mbili, na kwao shuka lilikuwa mkeka tu wa kizungu. Huko nyuma ndiko tulikokuwa tumewasha moto wa kuchemshia chai ya wageni. Keziya alikuwa huko, kaja na chungu chake kakifunika kanga. Sikumuuliza kwa nini.

Mimi baba mkwe wangu alikwisha fariki, kwa hiyo nilikuwa huru kukaa nilipotaka. Nilikaa kwenye nguzo ya goli, pembeni kabisa, jicho moja mbele na jicho moja nyuma. Giza lilipoingia, injini ikanguruma, na picha ikaanza.

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Yusufu alikuwa dereva wa lori mwenye kofia. Mariamu alivaa viatu vya kisigino. Walifika mjini, karani wa nyumba ya wageni akawaambia hakuna nafasi, na watu wetu wakamzomea karani kwa moyo wote. Hapo picha ilitukamata, sikatai. Mtoto alizaliwa hospitali, kwenye kitanda cha chuma. Mamajusi walikuja kwa motokaa. Mmoja alileta chandarua, wa pili alileta sabuni, na wa tatu alileta vidonge vya homa, akaeleza namna ya kuvimeza.

"Kondoo wako wapi?" mtu aliuliza gizani.

"Wamechinjwa wawe kitoweo cha yule karani," akajibiwa, na uwanja ukacheka.

Kisha akaja baba mzazi wa Yusufu. Aliteremka kwenye basi, akaingia moja kwa moja chumbani kwa mzazi, akaketi pale pale kitandani, akamshika mkono mkamwana wake. Akamshika mkono! Mbele ya shuka wazee wote waliinamisha vichwa kwa pamoja, wakakohoa na kutazama vidole vya miguu yao. Nyuma ya shuka kila mwanamke alijifunika kanga usoni. Kwa hiyo sehemu ile, ambayo naambiwa ndiyo nzuri kuliko zote, Mwaya nzima hatukuiona. Nadhani aliyeitazama alikuwa Bwana Andrea peke yake. Na mimi, kidogo.

Picha ilipokwisha alizima mashine, akaacha tu taa ndogo juu ya gari. Alisimama mbele akafuta jasho.

"Haya, ndugu zangu. Wakubwa wangependa kujua maoni yenu. Mmeionaje picha?"

Mgeni ni mgeni. Yakobo, mwenye mtumbwi mkubwa, alisema ni nzuri sana. Raphaeli, anayefanya biashara na ndugu zake wa ng'ambo kule Karonga, alisema ni nzuri kupita aliyoiona huko. Mwingine alisifu motokaa. Mzee Asegelile akasimama, akasema, "Ndaga fijo, bwana, asante sana. Tumeona." Hakusema tumeona nini.

"Mtoto hakuogeshwa!" nikasema mimi.

"Mama Damari," akasema Lutengano, "wazee kwanza."

"Wazee wamekwisha kusema. Mtoto ametoka tumboni amefungwa kitambaa, amepewa sabuni ya zawadi, na hakuna aliyemwogesha!"

Watu wakacheka. Bwana Andrea naye akatabasamu kwa adabu. "Hospitali huogeshwa baadaye, mama. Haikuonyeshwa tu." Kisha akamgeukia mwalimu. "Basi nitawaambia kwamba hapa imependwa. Nina hakika mwakani tutarudi."

Lutengano akapiga makofi, wengine wakamfuata. Nilitamani wanawake wale wa nyuma waseme, kwa maana walikuwa wamejaa maneno. Nilikuwa nayasikia yakinong'onwa. Lakini nani angefungua mdomo, na mkwe wake amekaa hatua chache mbele ya lile shuka? Mambo yalikuwa yanakwisha hivyo hivyo, kwa adabu. Moyo uliniuma sana. Nikageuka kumtafuta Keziya.

Kumbe huko nyuma, Milka, mmoja wa wapika chai, alikuwa amewasha karabai ili watu wakusanye watoto na vikombe, akaiweka chini, mbali kidogo na shuka. Neli, mkamwana wa Mzee Asegelile, alikuwa na kichanga chake, mtoto mdogo kuliko wote Mwaya. Kama tungecheza, yeye ndiye angekuwa Mariamu. Nilimwona akimsogelea Keziya. Alifunua ile kanga iliyofunika chungu, akachota maji ya moto kwenye birika la chai, akayapoza kwa maji ya mtungi, akayajaribu kwa kiwiko. Kisha akamvua mtoto nguo, akamweka mikononi mwa Keziya.

Keziya alipiga magoti kati ya karabai na shuka, akaanza kumwogesha.

Mimi sikutambua kinachoonekana upande wa pili, mpaka niliposikia mbele pamenyamaza. Makofi yalikatika. Nikachungulia. Juu ya lile shuka, kubwa kuliko Yusufu na lori lake, kilikuwako kivuli cha mwanamke aliyepiga magoti, na mikono yake, na mtoto. Maji yalionekana yakidondoka kutoka kwenye vidole. Mguu mmoja mdogo ulirusha teke, likaonekana uwanja mzima.

Wanawake wale walidhani wamejificha. Toka lini mkeka ukaonyesha kitu? Ilinipasa nipige kelele niwaonye. Sikupiga.

Mzee Asegelile alikuwa amekwisha kuondoka kitini. Alisogea karibu na nguzo yangu, macho kwenye shuka.

"Yule ni nani?" akaniuliza polepole.

"Keziya, tata."

"Hivi ndivyo anavyofanya? Kila mwaka?"

"Kila mwaka. Nyuma ya mkeka."

Kivuli cha Keziya kiliteka maji kwa kiganja, kikayamimina kichwani kwa mtoto, kidogo kidogo, huku kiganja kingine kimeziba macho yake yasiingie maji.

"Na mtoto ni wa nani?"

"Ni wako," nikamwambia. "Ndiye mjukuu wako, wa Neli. Ulikuwa hujamwona?"

Alivua kofia yake, akaishika kifuani kwa mikono miwili. Nilimwona akilia, mzee yule aliyemzika mke wake kwa macho makavu, na mimi nikalia naye, sioni haya kusema.

Wakati huo huo Bwana Andrea alitazama mawingu ya upande wa milima ya Livingstone, akaona mvua i karibu, na yeye alitaka kuondoka akalale Bondeni. Akaenda kwenye nguzo ya pili, akaanza kufungua kamba ya shuka. Nilishtuka. Shuka likianguka, Neli angesimama uso kwa uso na mkwe wake, mbele ya kanisa zima, na aibu ile isingefutika.

"Acha!" akasema Mzee Asegelile. Sijawahi kumsikia akimkaripia mgeni. "Usiguse kamba, bwana."

"Mzee, picha imekwisha."

"Haijaisha. Kaa chini."

Bwana Andrea akatazama shuka, kisha akamtazama mzee, kisha akakaa chini kwenye nyasi na soksi zake. Matone ya kwanza yalianza kuanguka na hakuna mtu aliyeinuka.

Keziya alimtoa mtoto majini, akamwinua juu amfute. Baridi ikampata mtoto, akalia. Na wazee wale, kwa mazoea ya miaka mingi, waliposikia kilio wakaanza kuimba. Walisimama wote wakaimba wimbo wetu wa Krismasi wakiwa wamekitazama kile kivuli, na Lutengano pia, tena kwa sauti kubwa, mnafiki yule ninayempenda. Nyuma ya shuka wanawake waliitikia bila kujua kinachoimbiwa.

Wimbo ulipokwisha na Milka kuinua karabai, vivuli vikatawanyika. Mzee Asegelile alisubiri mpaka wakamwana wote walipokwisha kwenda zao kwa njia ya nyuma. Hapo ndipo alipomwendea mgeni wetu na kumsaidia kukunja shuka.

"Bwana Andrea, umeuliza maoni. Mimi sikusema yangu."

"Sema, mzee."

"Mwakani njoo. Karibu sana. Lakini ulete shuka tu. Mashine iache huko huko."

Niliwaacha pale nikaenda kumsaka Keziya. Nilimkuta chini ya paa la shule, peke yake. Chungu kilikwisha kwenda na Neli. Mikono yake ilikuwa bado inanukia mtoto. Alikuwa ameiweka karibu na uso wake, akaishusha haraka aliponiona.

"Umekawia, dada," akasema. "Neli aliniachia mtoto mpaka akalala. Hakuninyang'anya." Akaitazama mikono yake. "Basi angalau nimeagana na mchezo wetu. Huko mbele wamesemaje? Wameipenda sinema?"

"Wameipenda mno," nikasema. "Mzee Asegelile amelia."

Akatikisa kichwa, akajaribu kutabasamu kama alivyozoea.

"Keziya," nikamwambia, "mwakani anza kutafuta udongo mapema."