Mshenga wa Kijani

"Kingamwili yako, Vioo, ni kama mgombea anayesaka kura," alisema Msumari, mwenzake wa maabara, akiinua jicho kutoka kwenye hadubini. "Inamkumbatia kila mtu!"

Vioo, fundi wa maabara aliyepewa jina hilo kwa kushinda akipanga vipande vya ubongo juu ya vioo, hakucheka. Kwa miaka mitatu alikuwa akiitengeneza kingamwili hiyo kutokana na panya, ishike kitu kimoja tu: kipokezi ambacho seli ya ubongo hupokelea ujumbe wa jirani yake. Sasa hata ubongo wa panya aliyezaliwa bila kipokezi hicho ulikuwa ukiwaka kijani. Ijumaa saa sita Profesa, mkuu wa maabara, angeamua kama kingamwili hiyo inafaa. Akikataa, chupa zake zote zingemwagwa kwenye sinki.

Jumatano Vioo alifanya jambo ambalo hakuna aliyejisumbua kulifanya. Aliiacha kingamwili yake kwenye friji, akaweka juu ya kipande cha ubongo huo peke yake kingamwili ya pili, ambayo kila mara huifuata ya kwanza ili kuionyesha. Hiyo ya pili ndiyo mshenga: hubeba rangi, huitafuta kingamwili yoyote ya panya, huing'ang'ania.

Kioo kikawaka vilevile.

"Alaa!" Vioo akasema. "Kumbe mwanangu kasingiziwa!"

Ubongo ule ulikuwa wa panya, na damu iliyobaki ndani yake ilijaa kingamwili za panya mwenyewe. Mshenga alikuta ukoo mzima ukumbini, akamsahau aliyemtuma.

"Basi bibi harusi aende mwenyewe," Vioo akaamua. Alhamisi aliibandika rangi moja kwa moja kwenye kingamwili yake, akaloweka vipande vipya, akavifunika.

Ijumaa Profesa aliketi bila salamu ndefu. Kioo cha kwanza kilikuwa cha panya asiye na kipokezi.

"Giza," alisema.

"Ndivyo inavyotakiwa, Profesa. Sasa hiki, cha panya mzima."

Profesa aliinamia tena hadubini. Mle ndani, mstari wa seli uliopinda kama mundu ulimetameta, nukta kwa nukta, na pembeni yake hapakuwaka kitu.

"Msumari, hebu njoo."

Msumari akachungulia, akachungulia tena. "Mgombea kagoma kukumbatia!"

"Kampeni zimeisha, kaka. Huyu keshachagua wake."

Profesa alitoa ufunguo wa friji mfukoni, akauweka kwenye kiganja cha Vioo. "Chupa hizi asiziguse mtu bila ruhusa yako, mwanangu."

"Na sinki nililokwisha kulisafisha?" Msumari akauliza.

"Utanioshea vioo," akajibu Vioo. "Kuanzia leo nitavihitaji vingi."