Nywele za Mbuzi wa Idi

Nadia hakuwahi kuiona bahari, lakini mikono yake ilikuwa ikiivulia kila siku. Katika karakana ya Mama Riziki pale Gitega, yeye na wenzake walivika ndoana nywele na manyoya mpaka zikafanana na dagaa. Zilisafirishwa kwenda pwani za Kaskazini ya mbali, ambako msimu wa joto wavuvi husimama baharini maji yakiwafika kiunoni, wakirusha chambo hicho kwa fimbo nyembamba. Samaki wa maji ya chumvi wanapenda nywele nyeupe, ndefu, zinazochezacheza. Na nyeupe zilikuwa zimekwisha.

"Huko Muyinga unakokwenda kula Idi hakuna mbuzi weupe?" Mama Riziki alimtania. Nadia, ambaye hata kuomba chumvi kwa jirani humwia vigumu, aliitika tu.

Siku moja kabla ya Idi, huko Muyinga, shangazi yake Salama alimtuma kwa Nazario, mfugaji aliyekulia Tanzania, akamtazame mbuzi waliyemwagiza. Mbuzi alikuwa mweupe pe, nywele za ubavuni zikimwagika karibu na magoti. Nazario alipoingia ndani kumtafutia mgeni ndizi, mkasi ulitoka mkobani mwa Nadia. Angeweza kuomba. Aliona haya kuomba. Hakuona haya kukata. Akakata chini ya ubavu, mahali alipodhani hapaonekani, kisha akapokea ndizi kwa mikono miwili na kushukuru.

Mbuzi wa kuchinja siku ya Idi sharti awe mzima, asiye na kasoro. Hilo Nadia alilijua tangu madrasa. Kwa hiyo asubuhi, watu walipotoka kuswali na Nazario akafika na mbuzi wake, Hamadi, mume wa shangazi, alimpapasa kuanzia shingoni. Kiganja kikafika chini ya ubavu, kikasimama.

"Nazario, hii nini? Iko na upara huku!"

"Upara? Sijauona, mzee. Huyu ni mzima."

"Mzima na ngozi iko wazi hivi?" Shangazi Salama akadakia. "Ni ukurutu! We umetuletea ugonjwa siku ya Idi, mbele ya wageni!"

"Labda kwa Nazario mbuzi wananyolewa kama bwana harusi," akasema Zawadi, binti wa shangazi, na wanawake waliokuwa kwenye masufuria wakaangua kicheko.

Nadia alikuwa akimenya vitunguu. Akaendelea kumenya. Nazario aliwatazama mmoja mmoja, akazungusha kamba mkononi, akatoka na mbuzi wake.

Nadia alimfikia karibu na barabara ya lami, kanga ikimponyoka.

"Baba, ni mimi. Nilimkata jana, ulipoingia ndani."

Nazario akasimama. "Nywele umezipeleka wapi?"

"Ziko mkobani. Ni za kuvulia samaki."

"Samaki wa wapi wanaokula nywele?"

"Wa baharini, huko Kaskazini. Zikilowa zinameta kama..." Akajisikia anavyozisifia. "Nisamehe, baba."

"Nimekusamehe. Lakini mimi nilijua tangu mwanzo kwamba sina mbuzi mgonjwa. Wasiojua wako kule uani." Akamkabidhi kamba. "Kufikia kesho soko zima litakuwa limesikia. Nani atachukua kwangu hata maziwa?"

"Naogopa."

"Naona. Twende."

Nazario alibaki langoni. Zawadi alipomwona Nadia na kamba, akapiga kelele, "Ukurutu umerudi!" Nadia alisema neno lake, likazama katika mlio wa masufuria.

"Unasema nini, we mtoto?" Hamadi akauliza.

"Ni mimi niliyemkata nywele. Kwa mkasi wangu, bila kuomba. Mzee Nazario hana kosa."

Shangazi Salama aliinama kuchochea moto uliokuwa ukiwaka vizuri tu. Hamadi alinawa mikono, akampita Nadia bila kumtazama, akaenda hadi langoni, akaushika mkono wa Nazario kwa mikono yake miwili. Wakaongea chinichini. Nazario akaletewa kiti, kisha chai.

Nadia alibaki katikati ya ua, kamba mkononi, na hakuna aliyemwambia aketi.