Miezi Saba ya Egbolu

Chumba cha kumbukumbu cha makumbusho hakikuwa na dirisha. Wiki ya tano sasa Nabintu alikuwa amejifungia humo na barua za kiwanda kimoja cha Birmingham kilichokufa zamani, kilichotengeneza bangili za shaba za kununulia mawese Egbolu, mji mdogo wa biashara kando ya mto huko Afrika Magharibi. Wanawake wa Egbolu waligonga kila bangili juu ya jiwe, wakasikiliza. Mwaka mmoja shehena nzima ikatoa mlio butu: shaba ilikuwa imechanganywa. Wakaikataa. Wenye kiwanda wakaweka meli ya mizinga mdomoni mwa mto kwa miezi saba, asiingie mtu wala asitoke. Chumvi ikaisha, kisha chakula, kisha watoto.

Lakini bango lililoandaliwa kwa maonyesho ya makumbusho lilisema: "Mto ulijaa mchanga, wakazi wakahama." Ndivyo walivyotaka wafadhili, wajukuu wa wenye kiwanda.

"Msichana, lisaini tu hilo bango," alisema Zeinab, msimamizi wake, Msomali aliyekulia Nairobi. "Ukisaini, unaongezewa mwaka wa mkataba. Ukikataa, Jumatatu uko dukani Ladypool Road unapanga vitunguu."

Nabintu alimfikiria mama yake, Annonciata, aliyekwisha kulitangazia kanisa zima kwamba binti yake ni mtu wa makumbusho.

"Yaya Zeinab," alisema, kama kwao wanavyomwita dada mkubwa, "walikufa kwa njaa. Nimesoma majina yao."

"Na mimi nina watoto watatu, wote hai, wote wanakula kama nzige."

"Basi chapisheni bila jina langu."

"Haiwezekani. Kila bango lazima liwe na jina la mtafiti, la sivyo haliendi kwa mchapaji."

"Weka la mtu mwingine."

Katika idara ile hakukuwa na mtafiti mwingine ila Zeinab mwenyewe.

Nabintu aliona aibu. Hakukusudia kumsukumia mwenzake mzigo huo. Akasogeza kiti, wakakaa magoti yakigusana katikati ya maboksi. Zeinab aliichukua kalamu, akaishika juu ya mstari mtupu wa jina la mtafiti, bila kuandika.

"Hayo majina," akasema hatimaye, kwa hasira, "yako kwenye barua gani?"

"Ya mwezi wa sita wa kuzingirwa."

"Nisomee. Na usiruke hata moja."