Vifungo vya Kura

Juu ya mlango wa ushirika wa mafundi cherehani paliandikwa: Kidole kimoja hakivunji chawa. Maneno matamu hayo, ila hayasemi chawa ni nani. Safari hii alikuwa Bibi Mkasi.

Yeye ndiye aliyeuanzisha ushirika, na kanuni zake alizikata kama alivyokata suti, bila huruma kwa kitambaa. Kila mwanachama kura moja, awe mwenyekiti au mfagiaji. Faida hugawanywa kwa kadiri ya kazi. Nyumba moja, mwanachama mmoja, ukoo usije ukawameza wengine. Na asiyeweza kazi hana kiti. Kwa kanuni hiyo ya mwisho alimtoa mpiga pasi aliyeungua mkono. "Hapa ni ushirika, si hospitali," alimwambia mbele ya wenzake. Mpiga pasi alilia, naye Bibi Mkasi akaendelea kukata kola.

Leo mwenyekiti alikuwa ameinua koti la mteja lenye mikono miwili, yote ya kushoto.

"Bibi, hii kazi yako. Watu wanasema huoni tena."

"Macho yangu ni ya kipanga. Nilisahau kugeuza kitambaa, basi. Wewe hujawahi kusahau? Na ile suruali uliyoitia zipu nyuma?"

Watu wakacheka. Lakini alidanganya. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, na rangi alizibahatisha tu. Aliyejua ni mkaza mwanawe peke yake, aliyekuwa akimtungia uzi nyumbani bila kuombwa. Huyo alishona humo humo ushirikani kama kibarua, miaka nenda miaka rudi, bila kura wala mgao, kwa kuwa kiti cha nyumba yao kilikuwa na mwenyewe.

"Mama, si muilegeze hiyo kanuni ya nyumba moja kidogo?" aliwahi kumwomba.

"Subiri nife," alijibiwa.

Basi mwenyekiti akaitisha kura. Kura zao zilikuwa za vifungo: cheupe abaki, cheusi aondoke. Unaingia nyuma ya pazia la kujaribia nguo, unachagua kimoja kwenye bakuli, unakitumbukiza kwenye kopo. Aliyeviandaa siku zote ni huyo kibarua, maana asiye na kura hana upande.

Bibi Mkasi hakuwa na hofu. Alijua watu wamegawanyika nusu kwa nusu, na kura yake ndiyo itakayomwokoa. Vifungo vyeupe vilikuwa na matundu manne, vyeusi mawili. Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Akapapasa bakulini, akapata chenye manne, akakitumbukiza.

Mwenyekiti alimwaga kopo juu ya meza ya kukatia, akatenganisha, akahesabu.

"Vyeusi vimezidi kwa kimoja."

"Haiwezekani."

"Hesabu mwenyewe, bibi." Akamsogezea vile vyeusi.

Akashika kimoja. Matundu manne. Akashika kingine, manne. Akapeleka mkono kwenye vile vyeupe: mawili, mawili. Alifungua kinywa alalamike. Aseme vifungo vimebadilishwa, na yeye alichagua kwa vidole? Wenye macho wote waliona rangi. Nani mwingine alikuwa na shida na matundu? Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Akakifunga kinywa.

"Kiti cha nyumba yenu sasa kiko wazi," mwenyekiti alimwambia mkaza mwana. "Unakitaka?"

"Mkinipa, nitashukuru."

Wakampa, na makofi juu. Bibi Mkasi akaambiwa akabidhi mkasi wake, akaukabidhi.

Mkaza mwanawe akamshika mkono hadi mlangoni, polepole, kwa adabu zote. Nyuma yao mafundi walikuwa wamesimamisha cherehani, wanatazama.

"Mama, ngazi hizo mbele yako. Unaziona?"

Angeweza kusema haoni.

"Naziona," alisema Bibi Mkasi.

Mkaza mwanawe akamwachia mkono.