Tundu la Msumari

Mti wa uani, ule uliopigiliwa msumari wa kamba ya nguo za mama, ulikatwa mwaka uleule mama alipofariki. Baba, mkereza mabakuli aliyezeeka pamoja na mashine yake ya kuzungushia mti, hakukubali kipande chenye msumari kichomwe. Alimwagiza binti yake, aliyemwita Msasa kwa maswali yake ya kukwaruza tangu utotoni, akiozeshe kidogo, kisha amkerezee bakuli moja tu kabla hajafumba macho.

Kuozesha kidogo, hapo ndipo penye kazi. Gogo bichi hutiwa kwenye gunia la plastiki pamoja na unga wa mbao uliolowa na kipande cha gogo lililokwisha kuota kuvu, likafichwa gizani. Kuvu za aina mbili zikikutana mle ndani, kila moja huchora mpaka mweusi kumzuia mwenzake, sawa na majirani wanaogombea kiwanja. Mistari hiyo ndiyo urembo wenyewe. Ila ukichelewa kulitoa na kulikausha, mti hulainika na patasi haina cha kushika.

Baba aliyajua yote hayo isipokuwa kuziba pua. Maisha yake yote alisema vumbi la mti ni unga tu, halijamuua mtu. Sasa mapafu yalikuwa yamemgeuka, na daktari alikataza hata chembe ya vumbi chumbani mwake. Msasa akaweka sheria: kazini barakoa nzito yenye vichujio, na kwa baba haingii mtu kabla ya kuoga na kubadili nguo. Penye haraka walizungumza dirishani, yeye nje, baba kitandani.

"Umelifungua?" baba aliuliza kila asubuhi.

"Bado, baba. Linaiva."

Kweli lilikuwa linaiva. Kisha baba akazidiwa, na Msasa akawa wa kumwinua, kumlisha na kumsafisha. Kuuguza hakuna mapumziko. Gunia likasahaulika kwenye kona ya karakana. Siku alipolikumbuka, ukucha wake ulizama ndani ya gogo kama kwenye mkate. Alikaa sakafuni akalia kwa uchungu, maana baba alikuwa ameomba kitu kimoja tu.

Maji yakimwagika hayazoleki. Palikuwa na gogo jingine rafuni, kavu, lenye mistari mizuri, ambalo halikuwa la mama wala la mtu yeyote. Akakereza hilo, akalipaka vanishi mara tatu ili vumbi lisitoke, akampelekea baba na kumwambia ndilo lile la uani.

Baba alilipokea kwa mikono miwili. Mistari hakuitazama. Kidole gumba kilipita ukingoni taratibu, kikashuka ubavuni, kikarudi tena. Msasa akaelewa: msumari huacha tundu, na mkereza yeyote angeuliza liko wapi. Baba hakuuliza.

"Mama yako huyu," alisema. "Ahsante, mwanangu."

Tangu hapo alilala nalo kifuani, na Msasa aibu ikamtafuna. Hatimaye, siku moja mchana, akaizima mashine akiwa amejaa vumbi hadi kwenye nyusi, akaenda dirishani, barakoa ikiwa bado usoni.

"Baba, nina neno la kukwambia."

"Njoo ndani basi. Vua hilo dude nikuone uso."

"Naoga kwanza."

"Njoo tu hivyohivyo."

"Vumbi, baba. Sichelewi."

Akaoga mbiombio, lakini kichwa akakisugua mara mbili, kwa sababu vumbi hupenda nywele. Alipoingia, maji yakimchuruzika shingoni, baba alikuwa ameshaondoka. Bakuli lilikuwa kifuani pake, kidole gumba kikiwa bado ukingoni.

Msasa aliketi kitandani, msafi, bila chembe ya vumbi mwilini, akamsimulia yote.